Solo ya "So What" Ikikukatalia: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kuirekebisha

Wapuliza tarumbeta wengi wa Kisumu, Vihiga, Kakamega na Bungoma wanaoingia kwenye jazi hutokea bendi za kanisa. Jeshi la Wokovu liko Kenya tangu 1921, na huku magharibi limekuwa shule ya ala za shaba kwa vizazi. Kijana anayetoka huko ana pumzi, anasoma noti, na anaweza kupuliza njia nzima kutoka kanisani hadi sokoni bila kutua. Siku moja anaamua kujifunza kubuni papo hapo. Anashauriwa achukue solo moja maarufu aisome kwa sikio, anachagua ile ya Miles Davis katika "So What", na inamkatalia. Hapo lawama zinaanza: vidole vizito, koneti (ile tarumbeta fupi ya bendi) mbovu, kipaji sina.

Nikiletewa malalamiko ya namna hiyo, huanza na jaribio moja kabla ala haijaguswa. Weka tarumbeta mezani. Cheza kifungu kimoja cha solo kwenye simu, simamisha, kisha uimbe ulichosikia, kwa la-la-la au kwa solfa, vyovyote vile. Ukishindwa kukiimba, hitilafu iko sikioni, na hakuna mazoezi ya vidole yatakayoiondoa. Ukikiimba sawasawa lakini tarumbeta ikagoma, hapo ndipo tuangalie vidole, midomo na ala yenyewe. Ukiweza kukipiga pamoja na rekodi lakini peke yako kikasambaratika, tatizo ni la muda. Na kama unaipiga solo yote, na rekodi na bila rekodi, halafu ukiambiwa ubuni chako unanyamaza, basi umekariri bila kuuliza imejengwaje. Wengi wanaodai wana shida ya vidole hushindwa hilo la kuimba. Ndiyo maana nasisitiza lisirukwe, hata na mtu aliyepuliza miaka kumi.

Kwa asiyeijua rekodi: "So What" inafungua albamu ya Kind of Blue, iliyonaswa New York mwaka 1959. Miles yuko kwenye tarumbeta, John Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksafoni, Bill Evans kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi na Jimmy Cobb kwenye ngoma. Solo ya Miles inaingia karibu dakika moja na nusu tangu wimbo uanze, pale Cobb anapoliachilia toazi kwa kishindo. Ina mizunguko miwili tu, kila mzunguko vipimo 32 vya mapigo manne manne. Skeli ni mbili, haipandi juu sana, haikimbii. Naipendekeza kuliko utangulizi wa Louis Armstrong katika "West End Blues" ya 1928, ambao ni wa ajabu kweli, lakini anayeanza nao huvunjika moyo mapema.

Noti zangu hazilingani na rekodi

Jiulize kwanza zinapishana kwa kiasi gani, maana kiasi ndicho kinachokuonyesha chanzo.

Zikipishana kwa toni nzima, hujakosea kusikia. Tarumbeta na koneti tunazotumia ni za B-flati: ukisoma C, kinachotoka ni B-flati ya piano. Ndani ya bendi ya matarumbeta hulitambui jambo hili kwa sababu karibu wote mnasoma kwa utaratibu huohuo. Linajitokeza siku unapoketi na mpiga kibodi. Akikuambia "tuko D", wewe panda toni moja, upige E. Sehemu kubwa ya "So What" iko katika D doriani ya piano, yaani skeli ya funguo nyeupe tupu kuanzia D. Kwako hiyo ni E, F-shapu, G, A, B, C-shapu, D. Daraja la wimbo, yaani sehemu yake ya kati, linapanda nusu toni hadi E-flati doriani. Kwako ni F, G, A-flati, B-flati, C, D, E-flati. Ukipakua noti zilizoandikwa na mtu mwingine, hakikisha kwanza kama ni za piano au za tarumbeta.

Zikipishana kidogo tu, chini ya nusu toni, na rekodi ndiyo iliyo juu, huenda kosa ni la studio. Katika kikao cha kwanza, 2 Machi 1959, mashine ya kunasa sauti ilikuwa ikizunguka polepole kuliko inavyopasa. Kanda ile ilipochezwa kwenye mashine yenye kasi sahihi, muziki ukatoka na haraka kidogo na sauti ya juu kidogo. "So What", "Freddie Freeloader" na "Blue in Green" ziliuzwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30, hadi matoleo yaliyorekebishwa yalipoanza kutoka 1992. Nakala iliyotolewa kwenye santuri ya zamani bado ina kasoro hiyo. Tafuta toleo lililorekebishwa. Ukilikosa, sukuma ndani bomba la kurekebishia sauti, na ukumbuke kulirudisha mahali pake kabla ya ibada ya Jumapili.

Zikianza sawa kisha zikapotea kadiri unavyoendelea, hilo ni joto. Sauti husafiri haraka zaidi katika hewa yenye joto, kwa hiyo ala hupanda. Kisumu saa nane mchana, chini ya mabati, utavuta bomba nje zaidi kuliko mwenzako wa Nakuru, mita zaidi ya 1,800 juu ya bahari, anayefanya mazoezi alfajiri akiwa na koti. Pitisha pumzi ndani ya ala dakika chache kwanza, ndipo upime.

Noti ni sahihi, lakini inasikika kama gwaride

Hii ndiyo dalili kubwa ya huku kwetu. Mtu anapiga kila noti ya Miles, hakuna iliyokosekana, na bado ukifumba macho unaona vijana wenye sare wakipita barabarani. Vyanzo viko zaidi ya kimoja, na kwa kawaida huja pamoja.

Cha kwanza ni mahali unapoweka uzito. Katika maandamano mguu wa kushoto unashuka kwenye pigo la kwanza na la tatu, na mwili mzima umezoea hivyo. Katika jazi ya aina hii, mpiga ngoma anafunga matoazi ya mguu kwenye la pili na la nne, na hapo ndipo wimbo unapoegemea. "So What" inakwenda karibu mapigo 136 kwa dakika. Weka metronomu ya simu kwenye 68, kisha amua kwamba kila mlio ni pigo la pili au la nne, kamwe si la kwanza. Usipulize bado. Imba solo juu ya mlio huo huku ukitembea chumbani. Mwanzoni metronomu itakugeuka na utajikuta mlio umekuwa "moja". Simama, anza upya. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa yoyote mbele ya watu, lakini sijaona njia ya mkato.

Cha pili ni ulimi. Bendi imekufunza kuikata kila noti kwa "tu", ili safu nzima isikike safi uwanjani. Miles anaunganisha. Chukua skeli yako ya E doriani, uipige kwa noti za nusu pigo, mbili kwa kila pigo. Gonga ulimi kwenye noti ya pili ya kila pigo, kisha iteleze hadi kwenye noti ya kwanza ya pigo linalofuata bila kugonga. Tumia "da" laini badala ya "tu". Noti ya kwanza irefuke kidogo, ya pili ifupike kidogo. Tahadhari: usiifupishe hadi ikawa mdundo wa farasi. Wanafunzi wakishaambiwa swingi, yaani ule mwendo wa jazi, ni noti ndefu na noti fupi, huizidisha, na matokeo yake ni mabaya kuliko gwaride lenyewe. Kipimo sahihi cha urefu huo kiko kwenye rekodi, hakiko kwenye maelezo yangu, kwa hiyo baada ya skeli rudi kwa Miles na umfuate kwa sauti ya chini sana, kiasi kwamba unamsikia yeye kuliko unavyojisikia. Utagundua kwamba mara nyingi anachelewa kidogo tu nyuma ya besi. Hachelewi kwa bahati mbaya.

Cha tatu ni kutetemesha sauti. Wapiga koneti wa bendi za kanisa hufundishwa kuitikisa noti ndefu, na kwenye wimbo wa ibada inapendeza. Miles alikataa hilo tangu utotoni: mwalimu wake huko East St. Louis, Elwood Buchanan, alimtaka apulize sauti iliyonyooka. Shika noti moja ya katikati kwa pumzi moja nzima, jirekodi kwa simu, usikilize. Ikitikisika bila wewe kukusudia, anza hapo kabla ya solo.

Kuna pia wanaokimbilia kununua kizibo, kile kinachochomekwa kwenye mdomo mpana wa tarumbeta kubadilisha sauti, kwa kuwa Miles anajulikana kwa kizibo cha Harmon kilichotolewa kijiti chake cha kati. Katika solo hii anapuliza wazi. Weka pesa zako.

Na cha mwisho ni karatasi. Aliyejifunza solo kwa kuisoma hupata noti zote na hakosi hata moja, lakini urefu wa noti, uzito wake na pale inapodondoka havikuandikwa vya kutosha kwenye karatasi yoyote. Kasi ya uchezaji kwenye YouTube ishushe hadi 0.75, sauti haishuki, kasi tu ndiyo inapungua. Ukiwa na kompyuta, Audacity inafanya hivyohivyo bila malipo, na ukishaihifadhi faili humalizi bando kila unaporudia kifungu. Lakini tumia kasi ya chini kutafuta noti peke yake. Swingi ijifunze kwa kasi kamili, kwa sababu muziki uliopunguzwa kasi unapoteza mkao wake.

Napotea katikati

Umbo la wimbo ni vipimo vinane vya D, vinane tena vya D, vinane vya daraja, kisha vinane vya D. Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye solo, vile vinane vya mwisho vinaungana na kumi na sita vya mwanzo wa mzunguko unaofuata, na unapata vipimo 24 mfululizo vya skeli moja bila alama yoyote ya njiani. Karibu kila mtu hupotelea hapo, na anayepotea huingia darajani amechelewa au amewahi, nusu toni mbali na wenzake, na kila msikilizaji anajua.

Kabla ya kujilaumu, angalia unasikiliza kwa kutumia nini. Spika ndogo ya simu haitoi sauti za chini, kwa hiyo Paul Chambers, ambaye ndiye anayekuonyesha njia, hayupo kabisa. Unafuata toazi na tarumbeta huku sakafu imeondolewa. Vaa spika za masikioni, au unganisha simu na redio yenye spika kubwa, kisha sikiliza mzunguko mzima ukifuata besi tu. Miles mwache.

Ukishaisikia besi, jifunze ile mada ya mwanzo ambayo besi inaita na wengine wanaitikia kwa kordi mbili. Iimbe kichwani wakati solo inaendelea juu yake. Ukifika daraja, mada nayo inapanda. Mwenye rafiki mwenye gitaa la besi au kibodi amshike huyo rafiki vizuri. Mpe kazi moja: apige mada mzunguko baada ya mzunguko, wewe ukinyamaza vipimo vinane na kupuliza vinane.

Naimba vizuri, tarumbeta haitoi

Sasa ndiyo tuje kwenye vidole. Mara nyingi ni daraja. Umezoea E doriani dakika nzima, halafu ghafla A-flati inataka pistoni ya pili na ya tatu, na kidole cha tatu ndicho kivivu kuliko vyote. Piga G, A-flati, B-flati kwenda na kurudi, polepole, hadi kidole kisiwe habari tena. Kisha fanya mazoezi ya mpaka wenyewe: kipimo cha mwisho cha D na cha kwanza cha daraja, hivyo viwili tu.

Kama pistoni yenyewe inarudi juu kwa uvivu, ioshe kwa maji ya uvuguvugu, ikaushe, itie mafuta ya pistoni. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Ukizirudisha, soma nambari iliyochongwa kwenye kila pistoni. Ukizibadilishana nafasi, hewa haipiti na utadhani umeua ala.

Midomo ikichoka mapema, tazama alama ya kipulizio mdomoni mwako baada ya mazoezi. Alama ya kina inaonyesha unaikandamiza ala usoni badala ya kuongeza pumzi. Pumzika muda uleule uliopuliza, na muda wa kupumzika ndio wa kuimba.

Anayeishi kwenye ploti, kuta nyembamba na majirani wanaolala mchana, hutumia kizibo cha mazoezi. Sawa, ila ujue vizibo vingi hupandisha sauti na kuzuia pumzi, kwa hiyo usirekebishe bomba ukiwa nacho kisha ukaenda hivyo kwenye bendi. Omba ufunguo wa ukumbi wa kanisa siku za katikati ya wiki. Bandimasta wengi hawakatai wakijua unafanya mazoezi.

Naipiga yote, lakini nikibuni inatoka tenzi

Mwanafunzi akifika hapa husema, "Mwalimu, nikiachwa peke yangu narudi kanisani." Chanzo kinaeleweka. Nyimbo za ibada zimetulea tukijua kwamba nyumbani ni do. Kila mstari unatafuta do, na ukifika unasubiri Amina. Skeli ya doriani ina noti zilezile za solfa, ila nyumbani pamehamia kwenye re: re, mi, fa, so, la, ti, do, re. Ukiendelea kutua kwenye do, umebaki kwenye wimbo wa zamani juu ya kordi za Bill Evans.

Kwa aliyelelewa kwenye solfa hii ni nafuu kubwa, na huwa nashangaa kwamba watu huificha kana kwamba ni elimu ya watoto. Imba kwa re. Maliza vifungu kwenye re, kwenye la, kwenye fa. Na ishikilie ti bila woga, kwa sababu ndiyo inayoitofautisha doriani na skeli ya maina ya kawaida: kwako ni C-shapu katika sehemu ya kwanza, na D darajani. Ukifika darajani huna haja ya kufikiria majina mapya. Re imepanda nusu toni, kila kitu kimepanda nayo.

Baada ya hapo chukua kifungu kimoja cha Miles, si viwili. Shika mdundo wake uleule na ubadilishe noti. Kisha shika noti zake na ubadilishe mdundo. Kisha kihamishie darajani. Kisha kipige kama alivyokipiga yeye, na pale anaponyamaza, ujibu kwa chako. Clark Terry, mpiga tarumbeta aliyemjua Miles tangu ujana wake kule St. Louis, alikuwa akifundisha hatua tatu: iga, ifanye iwe yako, halafu ubuni. Walio wengi huku hukwama kati ya ya kwanza na ya pili kwa sababu wanaiga solo nzima mara moja. Kifungu kimoja kilichozungushwa namna nyingi kina faida kuliko mizunguko miwili iliyokaririwa.

Kuhusu kunyamaza: pima ukimya wa Miles kwa kuhesabu mapigo kati ya kifungu na kifungu, uandike. Ni mrefu kuliko unavyodhani. Mwanafunzi hujaza kila pengo kwa hofu kwamba watu watadhani amesahau. Kama sikio lako limekulia kwenye benga, unalijua tayari jambo hili: mwimbaji anaacha, gitaa la solo linajibu, na hakuna anayemdhania mwimbaji amepotea. Mpe Evans na Cobb nafasi ya kujibu. Kama unafanya mazoezi peke yako bila mtu wa kujibu, bado nyamaza, huku ukiendelea kuhesabu kwa mguu. Mguu wenyewe ukianza kukosea kwenye ukimya, rudi kwenye metronomu ya 68.

Ukishaweza kupita mizunguko minne ya vifungu vyako bila kupotea darajani, iache "So What" ipumzike. Nenda kwenye "Sandu" ya Clifford Brown, ya 1955, ambayo ni bluzi ya vipimo 12 katika E-flati ya piano, yaani F kwako. Huko kordi zinabadilika kila baada ya vipimo vichache, re moja haitoshi, na dalili za kwanza utakazoziona ni zile za kupotea. Anza tena na besi.